Mtani Wangu Aliposema Shule Imekufa

Karatasi za somo zilifika Mbeya kila Jumatatu kwa gari la barua kutoka Iringa, zimefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake tajiri ameandika kwa wino wa zambarau: "Walimu wa Mbeya. Zisiloane." Mimi ndiye niliyekimbia kuzipokea. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza darasa la sita kwa jasho, na Kiingereza changu, niseme kweli, kilikuwa mbele ya wanafunzi wangu kwa karatasi moja tu. Jumatatu nasoma, Jumanne nafundisha. Gari likikwama kwenye tope, na elimu yangu imekwama nalo.

Tajiri huyo alikuwa karani wa zamani, mtu wa Iringa mjini, mpole, mwenye saa ya mnyororo na Kiingereza kinachotiririka. Alikuwa na shule tano za kufundisha watu wazima Kiingereza: ya kwanza Iringa, kisha Nyololo, Makambako, Tukuyu, na ya mwisho ni yetu. Zote zilikuwa na jina moja na kibao cha bluu mlangoni. Shule yetu ilikuwa chumba kirefu kilichokuwa ghala la ngozi zamani. Mvua ikinyesha, ngozi zilirudi kwa harufu. Ukutani kulikuwa na picha ya Malkia mpya, lakini karatasi zetu zilikuwa bado zinamtaja Mfalme, maana tajiri alizichapisha nyingi kabla Mfalme hajafa, na hakuwa mtu wa kutupa karatasi.

Nilitoka kwetu Idodi nikakaa kwa shangazi yangu Mwanjelwa, ambako bado ni mashamba na nyumba za kuhesabu. Nilikuwa na ndoto moja kubwa: kuwa mkalimani wa mahakamani. Nilijiona nimesimama katikati ya hakimu na watu, nimevaa koti jeusi, Kiingereza kinaingia kwa sikio hili, Kiswahili kinatoka kwa mdomo. Nilikuwa najizoeza uani. Kuku wa shangazi walihukumiwa mara nyingi sana mwaka ule. Pesa za koti niliziweka kidogo kidogo kwenye kopo la chai, chini ya kitanda.

Walimu tulikuwa wawili. Mwenzangu alinizidi kama miaka kumi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kwaya, amesoma mpaka darasa la nane. Alikuwa Mngoni wa upande wa Songea, na mimi ni Mhehe. Hapo lazima nieleze, kwa yule asiyejua. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya babu zetu. Walipigana mpaka wakachoka, wakazikana, na baada ya kuzikana wakabaki na ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Mtani akisema baba yako alikuwa mwizi, unacheka, unamjibu kwamba wake alikimbia vita. Mtani akichukua shati lako kwenye kamba, humshitaki. Na maneno ya mtani huyaweki kwenye mizani. Ukiyachukua kuwa kweli, aibu ni yako.

Siku ya kwanza kabisa alisimama nyuma ya darasa nikifundisha karatasi ya wanyama wa nyumbani. Nikachora mbwa ubaoni, nikaandika jina lake kwa Kiingereza.

"Wanafunzi," akasema, "kwa mnyama huyo msimwamini mwalimu wenu. Mhehe akichora mbwa, anachora kitoweo."

Darasa zima likaanguka. Kulikuwa na mpishi wa Mzungu mmoja, mtu mzito asiyecheka ovyo, siku hiyo alipiga benchi mpaka chaki ikaruka.

"Nyamaza, mkimbizi," nikamjibu. "Mmetoka kusini huko mnakimbia, mlipotuona sisi mkakosa pa kupita."

"Tulisimama kwa huruma. Mlikuwa mmekonda."

Ndivyo tulivyofundisha. Watu walikuja saa kumi jioni, wametoka kazini, wengine ili wajifunze, wengine nadhani walikuja kutusikiliza sisi. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Jumapili moja, mwezi wa kwanza, tulikuwa mtoni tunafua. Akajifuta mikono, akatoa barua mfukoni, akanipa niisome mwenyewe. Hakuisema kwa mdomo. Ilitoka kwa baba mkwe wake. Mke wake alikwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi, na mtoto alikuwa amezaliwa salama, wa kike, sasa anakaa mwenyewe bila kushikwa. Baba hajamwona. Mzee aliandika kwamba mume ndiye huja kumchukua mkewe kutoka kwao, hakuna mwingine wa kumwakilisha. "Mahindi yakiisha kuvunwa hujafika," ilisema barua, "nitajua umemwacha binti yangu, na wanaume wanaouliza habari zake nitawajibu."

"Utakwenda?" nikamwuliza.

"Nitakwenda. Mshahara wa miezi miwili unanitosha. Kitambaa cha mama mtoto, blanketi la mtoto, kitu cha mama mkwe, na nauli. Siwezi kuingia pale mikono mitupu kama mtu anayeomba maji."

Nilimwelewa. Hata kwetu usingeingia hivyo. Nikamrudishia barua, akaikunja vizuri sana, akaiweka juu ya jiwe mbali na maji, kisha akanirushia povu la sabuni usoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwezi wa pili bahasha ya mishahara haikuja. Karatasi za somo zilikuja. Mwezi wa tatu badala ya bahasha ikaja barua ya tajiri, ya wino ule ule, inasema tuvumilie, anafungua shule ya sita Njombe, tutalipwa yote kwa pamoja. Mimi nilifurahi! Nakumbuka nilirukaruka mle ghalani.

"Sita!" nikasema. "Zikifika kumi atataka wakaguzi. Mimi na wewe, mtani, kwenye gari, tunakagua shule!"

"Kagua tumbo langu kwanza," akasema. "Lina nafasi za kutosha, unaweza kufungua shule ya saba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa nitasema jambo ambalo naona uzito kulisema. Mimi nilikuwa nakula kwa shangazi. Yeye alikuwa akiishi peke yake, chumba kidogo nyuma ya shule, na hakuwa na ndugu Mbeya. Mwezi ule alianza kuja Mwanjelwa mara kwa mara. Hakuwa akibisha hodi kama mgeni. Aliingia moja kwa moja jikoni, akafunua chungu.

"Wahehe, nimekuja kuchukua kodi ya vita! Babu yenu hakumaliza kulipa!"

"Toka jikoni kwangu, we Mngoni!" shangazi anapiga kelele, ameshika mwiko, machozi ya kicheko yanamtoka. "Toka, mla vya watu!"

"Ninakula ushindi wangu, mama."

Naye anachota ugali kwa mkono, wa moto vile, anakimbia nao mpaka mlangoni, anakula amesimama. Majirani walikuwa wanatoka nje kutazama. Shangazi yangu ni mwanamke wa kikweli kwa utani, hapendi kushindwa, basi naye akatafuta njia ya kulipa. Siku moja alipomwona anapanda njia, akaficha chungu uvunguni, akaweka chungu kitupu mekoni, akakifunika vizuri. Mtani akaingia na nyimbo zake, akafunua, akakuta hewa. Tulicheka sisi sote. Alibaki ameshika mfuniko kitambo kidogo. Kisha naye akacheka, akasema, "Leo Wahehe wameshinda vita," akaenda zake. Siku hiyo hakuna aliyemwita arudi. Chungu kilikuwa uvunguni kimejaa.

Mwezi wa nne, karatasi za somo nazo hazikuja. Nikasema ni mvua, barabara ya Makambako imeharibika. Nikafundisha zile za zamani upya. Mtani akasema anakwenda Iringa kumwona tajiri uso kwa uso. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa mwanafunzi wetu alimchukua bure juu ya magunia ya mchele. Alikaa siku sita. Nilimfundishia madarasa yake na kila jioni nilikuwa nawaambia watu, mwalimu wenu yuko kwa tajiri, anakuja na habari njema.

Alirudi jioni, darasa limejaa. Akasimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mhehe," akasema, "shule imekufa."

"Maskini," nikasema. "Inazikwa lini?"

"Sikutanii. Tajiri hayupo. Nyumba yake ina watu wengine, watoto wa watu wengine wanacheza barazani. Shule ya Iringa imefungwa, madawati yameuzwa kwa muuza mbao. Hakuna anayejua alikokwenda. Wengine wanasema Dodoma, wengine wanasema alipanda treni."

Nikawageukia wanafunzi. Naona nilifungua mikono, kama mtu anayeonyesha kitu sokoni.

"Mnamsikia Mngoni? Siku sita amekaa njiani kutunga utani huu!"

Wakacheka. Mpishi akasema, "Huyu safari hii kaja na kubwa!" Mwingine akauliza kama na Malkia naye kauzwa. Mtani alitazama darasa lote, benchi kwa benchi, kisha akanitazama mimi. Nilimkonyeza. Nilikuwa nangoja aseme la pili. Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, akaenda chumbani kwake kunawa. Mimi nikarudi ubaoni.

Angeweza kunishika bega pembeni, anionyeshe barua ya baba mkwe, aniapie kwa mama yake. Hakufanya hivyo. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani kumlazimisha mtani akuamini ni kama kuvua nguo mbele yake, na yeye alikuwa amebakiwa na vichache vya kuvaa.

Kesho yake alianza kibarua cha kuponda kokoto za barabara. Hakunieleza, niliona viganja tu, vimechubuka. Hata hivyo saa kumi alikuja kufundisha. Nikamwambia, "Mngoni, unajifunza kulima ukubwani?" Akasema, "Nachimba kaburi la shule yenu." Nikacheka tena. Mahindi ya Songea yalikuwa bado shambani wakati ule. Yalikuwa yanaanza kukauka, lakini yalikuwa bado shambani, na kopo langu la chai lilikuwa chini ya kitanda, limejaa mpaka halitoi mlio ukilitikisa.

Wiki tatu zilipita hivyo.

Kisha, asubuhi moja, akaja mwalimu wa Nyololo. Sikuwahi kumwona kabla, ila alijitambulisha mwenyewe: Mbena, mzee kidogo, ana kikohozi. Alikuwa amebeba kibao cha bluu cha shule yake mgongoni, kimefungwa kwa kamba. Alikibeba kwa sababu wazazi wa kijana mmoja, kwa hasira ya ada yao, walitaka kukivunja. Alikuwa anaelekea kwa mwanawe Tukuyu.

"Kamwene," akanisalimu. "Ninyi mnafundisha bado?" akauliza, akitazama ubao niliouandika jana. "Nani anawalipa?"

"Tajiri atatulipa akifungua Njombe."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyesimama na sahani kwenye nyumba ya msiba.

"Mwanangu, Njombe hakuna kitu. Kila shule aliifungua kwa ada za shule iliyotangulia, ada zilipokwisha, shule zote zikaanguka pamoja. Hakula yeye. Nilimwona mara ya mwisho, viatu vyake vimetoboka. Lakini kaondoka. Mwenzako hakukwambia? Mrefu, Mngoni? Tulilala naye Nyololo usiku mmoja alipokuwa anarudi. Alilia sana yule bwana, habari za mtoto wake."

Nilitoka mbio. Nilikwenda kwanza nyumbani, nikaingia chini ya kitanda, nikatoa kopo. Shangazi akauliza kuna nini, nikamwambia kwa maneno ambayo hayakuwa na mpango: kwamba Mngoni alikuwa anasema kweli, siku zote, na ya njaa pia. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulimtoka mikononi.

Nilimkuta kwenye kokoto, amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi. Nikaweka kopo mbele yake.

"Chukua."

"Nini hiki?"

"Nenda kamchukue mtoto."

Alifunua, akatazama ndani, akafunika. Wenzake walikuwa wanagonga mawe pande zote, tukawa tunasema kwa sauti.

"Hili si koti la mahakama?"

"Mtani, chukua nakuomba. Nisamehe. Nilidhani unatania."

"Najua ulidhani," akasema. "Nisingekuamini hata mimi." Kisha akainuka taratibu, akajipangusa vumbi magotini. "Leo ni tarehe ngapi?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akarudia, akaacha.

Siku ya pili yake ndipo kulipatikana lori la Njombe. Alikuwa amenunua khanga moja na blanketi dogo la watoto, la pinki, lenye sungura. Shangazi alikuja kituoni na kuku mzima wa kukaanga kwenye kikapu, na viazi, na ugali umefungwa kwa majani, chakula cha watu wanne. Alivaa nguo zake za kanisani. Akampa kikapu kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Mwanangu," akasema, "mbona hukusema?"

"Nilisema, mama," akamjibu, taratibu kabisa, bila ubaya wowote. "Kila siku nilikuwa nasema."

Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Dereva akapiga honi. Mtani akapanda juu ya magunia, akanipungia mkono mara moja, na lori likashuka kuelekea Uyole, moshi wake unabaki hewani muda mrefu kwa sababu ya baridi.

Jioni ile niliwaambia wanafunzi. Hawakunitukana, ningependa wangenitukana. Ada zao walizitia mkononi mwangu mimi, tajiri hawakumjua hata sura. Mpishi aliuliza kama tunaweza kumaliza karatasi iliyokuwa ubaoni, basi tukaimaliza. Baadaye mwenye ghala alikuja kuchukua ufunguo.

Sasa nafanya kazi kiwanda cha chai Mufindi, nahesabu magunia. Kazi si mbaya. Barua ya mtani ilinifikia mwezi wa nane, imepitia kwa shangazi. Niliisoma nimesimama nje ya ghala.

Aliandika kwamba lori liliharibika siku mbili kabla ya Njombe, na kutoka hapo alitembea sehemu kubwa. Alipoingia kijijini aliona mabua yamelala, mahindi yako ghalani, ng'ombe wameachiwa mashamba. Alijua kabla hajafika mlangoni. Mke wake alikuwa ameposwa na mtu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge, na siku tisa zilizopita alikuwa amehamia kwake. Mzee hakumfokea. Alimpa kiti, akamwambia, nilingoja mpaka suke la mwisho, mwanangu, hata majirani ni mashahidi. Mtoto aliachwa kwa bibi yake mpaka aache kunyonya vizuri, kisha atamfuata mama. Walimruhusu akae naye siku mbili.

Mtoto alimwogopa. Kila alipomsogelea alilia na kumkimbilia bibi yake. Blanketi alilipenda, yeye baba hakumtaka. Alisema siku ya pili alikaa tu upande wa pili wa uwanja, akamtazama akicheza, na mtoto alipogeuka akamwona yupo bado, akalia tena kwa mdomo wazi.

"Ana meno sita," aliandika. "Manne juu, mawili chini. Nilihesabu wakati analia."